Siku Boya Lilipokimbia Bwawani

Mume wangu aliporudi nyumbani baada ya kustaafu, hatukuwa na la kuzungumza. Hatukuwa tumekosana. Tangu watoto wetu wakiwa wadogo alikuwa fundi wa umeme katika hoteli moja huko Pwani, nami nikabaki hapa kando ya Kiminini na ng'ombe, mahindi na mambo ya shule. Alikuja Krismasi, na mwezi wa nane akipewa ruhusa. Siku za kwanza tulikuwa kama wageni, na tulipoanza kuzoeana tu, begi lilikuwa mlangoni tena. Sasa begi lilikuwa limepandishwa juu ya kabati. Watoto walikuwa wametoka, kila mmoja na maisha yake. Tukabaki wawili, tukitazamana juu ya sahani ya ugali.

Alikuwa na adabu nyingi mno, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akitaka chumvi alisema, "Naomba chumvi, tafadhali," kama mtu aliyeketi kwenye meza ya hoteli. Aliniuliza kabla ya kufungua dirisha. Mchana alizunguka boma akikaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Nikienda kukamua, alisimama nje ya zizi, mikono nyuma, halafu akaondoka. Usiku nililala nikisikia anavyopumua, nikawaza kwamba mtu huyu nimemzalia watoto wanne na sijui hata anapenda chai ya namna gani.

Jirani yetu wa bondeni ana bwawa la zamani, lililochimbwa na mzungu aliyekuwa na shamba hilo kabla ya Uhuru. Amefuga humo tilapia na bata. Jumapili moja baada ya ibada alilalamika kwamba kambare wakubwa wanamaliza samaki wake wadogo na hata kunyakua vifaranga wa bata, na nyavu wanazipasua.

"Nitakuja niwatoe," mume wangu akasema.

Jirani akacheka. "Kwa kitu gani? Kwa panga?"

"Kwa bunduki ya mpira. Nitapiga mbizi."

Nilimgeukia. Miaka yote hiyo sikujua kwamba mume wangu anapiga mbizi. Mimi mwenyewe maji yakinifika magoti naona nimeshakufa.

Jioni alishusha sanduku ambalo sikuwahi kuliona likifunguliwa, akatandaza vitu vyake kwenye majani mbele ya nyumba. Kulikuwa na miwani ya maji, mshale wa chuma wenye ncha ya ndoano, na bunduki ya mbao aliyoichonga mwenyewe, inayofyatuliwa na mpira uliokatwa kutoka tyubu ya gari. Chini ya bunduki kulikuwa na kigurudumu kilichoviringishwa mshipi wa nailoni. Alikiita rili. Kumbe huko Pwani siku zake za mapumziko alikuwa akienda kuvua na mvuvi mmoja rafiki yake, naye ndiye aliyemfundisha.

Jioni hiyo aliongea mengi kuliko miezi miwili yote aliyokuwa nyumbani.

"Samaki mdogo ukimpiga, unamshika tu," aliniambia. "Mkubwa hapana. Mkubwa ukimvuta kwa nguvu, nyama inapasuka, mshale unachomoka, anaenda kufia mbali bure. Kwa hivyo mshale umefungwa kwenye mshipi, na mshipi uko kwenye rili. Akikimbia, rili inazunguka, mshipi unatoka. Unamwacha aende, lakini asiende bila kufanya kazi. Hii skrubu inafanya rili iwe nzito kidogo. Akichoka, unamrudisha pole pole."

"Ni kama mtamba," nikasema.

"Mtamba?"

"Ng'ombe ambaye hajazaa bado. Ukimfunga kamba mara ya kwanza, huvutani naye. Ukivutana naye atakuangusha. Unaenda naye, unamkaza kidogo, unaenda naye, mpaka akubali."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka hufumba jicho moja.

"Basi wewe utakuwa mtu wangu wa ukingoni," akasema.

Tukaanza kwenda bwawani kila Jumamosi. Nyuma ya bunduki alikuwa amefunga kamba nyingine ndefu, na mwishoni mwa kamba hiyo mtungi mtupu wa plastiki, wa rangi ya manjano. Hilo ndilo lilikuwa boya. Likielea, nilijua yuko chini yake. Kama mshipi ungeisha au pumzi kumpungukia, angeiachilia bunduki na kupanda juu, samaki abaki akihangaika na boya. Kazi yangu ilikuwa kutoliondolea macho boya hilo.

Alipozama, nami niliziba pumzi bila kutaka. Maji ya huku kwetu si kama ya Pwani. Ni baridi inayoingia kwenye mfupa, na ni safi kwenye kona moja tu, pale chemchemi inapoingilia. Alitoka akitetemeka, midomo imekuwa ya kijivu. Nilimfunika blanketi na kumpa chai. Ndivyo nilivyojua kwamba anaipenda yenye tangawizi nyingi na sukari kidogo. Na akiwa ndani ya blanketi, kikombe mikononi, aliongea. Aliniambia kuhusu chumba alichokuwa akiishi, dirisha lake lilivyotazama ukuta. Alivyokuwa akipika sufuria moja Jumatatu ili ale mpaka Jumatano. Alivyokuwa akipiga simu nyumbani na kukuta nina haraka ya kwenda kukamua.

"Nilikuwa nasikia ng'ombe kwenye simu," akasema. "Ukikata, nakaa nimeishika tu."

Nilimwongezea chai.

Samaki aliopata majuma hayo walikuwa wa kawaida. Yule mkubwa tulimpata mwezi wa pili, kabla ya mvua, maji yakiwa yametulia kabisa.

Alizama karibu na chemchemi. Boya lilikaa tuli, halafu likatikisika mara moja, kisha likalala ubavu na kuanza kukimbia. Sijawahi kuona mtungi ukikimbia hivyo. Lilipasua maji kuelekea upande wa pili kama linavutwa na pikipiki. Lakini mume wangu hakuonekana. Nilisimama. Nilimwita, mara ya kwanza kwa jina lake tangu tuoane, kwa maana mimi humwita Baba watoto.

Akaibuka palepale karibu nami, mikono mitupu, akihema.

"Rili imekwama! Mshipi umejibana wenyewe, nikaiachilia. Boya liko wapi?"

"Kule!"

Akatoka majini, tukaanza kukimbia ukingoni kulifuata, yeye na kaptura yake inayochuruzika, mimi na gambuti zangu. Palikuwa na utelezi. Akateleza, nikamshika mkono. Nikateleza mimi, akanivuta. Hatukuachana mikono tena. Watu wa umri wetu huku kwetu hawatembei wameshikana mikono, achilia mbali kukimbia. Mke wa jirani alikuwa akianua nguo; alisimama na shuka mikononi akitutazama. Nilishikwa na kicheko, naye akaambukizwa, tukawa tunakimbia tukicheka mpaka mbavu zikauma.

Boya lilikwama kwenye matete. Alitaka kuingia, lakini miguu ilikuwa imeshikwa na mkakamao kwa baridi, akaketi chini akiugulia.

"Acha tu," akasema. "Ataenda. Si neno."

Nilivua gambuti. Bado sijui nilipata wapi moyo. Niliingia, tope likanimeza vidole, maji yakapanda magotini, mapajani, kiunoni. Rinda lilinielea pembeni kama mwavuli. Nikalishika boya, nikaifuata kamba yake mkono kwa mkono mpaka nikafika kwenye bunduki, nikalegeza pale mshipi ulipojibana. Halafu nikahisi kitu kikivuta. Hakikuvuta kama ng'ombe. Kilivuta kama mtu mwenye hasira anayekunyang'anya shuka kitandani.

"Usizungushe mshipi mkononi!" alipiga kelele. "Utakukata!"

"Sijauzungusha!"

"Akitaka kwenda?"

"Namwacha!"

"Akisimama?"

"Namkaza kidogo!"

Akawa amesogea kwa matako mpaka kwenye maji, akisugua miguu, akinisemesha muda wote kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kuomba chumvi. "Hapo. Polepole, mama. Mwache. Sasa rudisha. Umemweza." Mara tatu samaki aliondoka na mshipi wote niliokuwa nimerudisha. Hatimaye kichwa kikajitokeza kwenye matete, kipana kama sinia, na masharubu yake yakipapasa maji. Mume wangu aliingia kwa magoti, akamkumbatia, na sote watatu tukaanguka ukingoni ndani ya tope.

Jirani alipomwona samaki huyo alivua kofia. Alituambia tumchukue mzima mzima, yeye amani ya bata wake inamtosha.

Kesho yake tulimpeleka Bungoma kwa mama mkwe, ambaye wote tunamwita Mayi. Tulikuwa tumempaka chumvi na kumkausha kwa moshi usiku. Mayi hatembei sana siku hizi. Alimgusa samaki kutoka kichwani mpaka mkiani kwa vidole vyake.

"Hii samaki imetoka wapi?"

"Bwawani kwa jirani, Mayi," mwanawe akajibu. "Mimi niliipiga tu. Aliyeitoa ni huyu."

"Huyu? Si anaogopa maji?"

"Anaogopa. Aliingia hivyo hivyo."

Nilimpika kwa mchuzi wa nyanya, na mboga ya mrenda pembeni. Mume wangu alimtolea mama yake miiba, mmoja mmoja, na alipomaliza sahani ile akavuta yangu, akaanza kunitolea mimi pia, bila kuuliza. Mayi aliona, akainamia ugali wake.

Baada ya chakula mume wangu alisinzia kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta. Mayi akanivuta karibu.

"Mtoto wangu alikuwa kimya tangu mdogo," akaninong'oneza. "Aliporudi nilikuhurumia, bana. Nilisema, huyu mama ataishi na ukuta. Siku hizi anaongea?"

"Anaongea, Mayi."

"Ati? Anasema nini?"

Nikamsogelea sikioni.

"Njiani alisema tukirudi tununue mpira mpya wa bunduki pale Kitale. Halafu akasema miguu yangu ni mizuri ikiwa na tope."

Mayi alicheka mpaka akafuta machozi na kitambaa chake cha kichwa. Mume wangu akafungua jicho moja, akauliza kuna nini, na hakuna kati yetu aliyemwambia.