Bibi Anakataa Kura

Mimi nilizaliwa Biryogo, na mtu wa Biryogo Kigali nzima inamjua kwa mdomo wake. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani, ya kuposea na ya kugombania. Kwingine mjini kila mtu alikuwa na Kinyarwanda chake, na Kiswahili alikitoa kama anavyotoa viatu vya sikukuu: sokoni, mbele ya madereva wa malori, au pale alipotaka kuonekana ametembea. Kwa hiyo mwaka wa tisini na mbili, zahanati moja ya masista huko Kicukiro iliponiajiri kupima watoto uzito, haikuchukua muda nikawa pia mkalimani. Akija mtu asiyejua Kinyarwanda, sista mkuu, ambaye sote tulimwita Masera, ananiita niache mzani nije nitafsiri.

Ndivyo nilivyomjua Bibi. Alizaliwa Ujiji, akaletwa Kigali na mume fundi cherehani, mume akafa, na yeye akabaki na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko la Kicukiro. Mtoto hakujaliwa. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini ulimi, mashaallah, ulikuwa unaona vizuri tu. Akikuambia amekula, basi amekula, na ukibisha wewe ndiye huna adabu.

Siku moja ya mvua aliwasha jiko la mkaa ndani, akafunga mlango ili asisikie baridi. Majirani walimtoa hajitambui. Baada ya hapo kila mtu Kicukiro akataka kumlinda. Parokia ikapeleka maharage. Zahanati ikapeleka uji wa mtama. Diwani wa sekta, ambaye sisi tulimwita konseye, akaamuru watu wake wampelekee viazi. Tatizo ni kwamba wote walipata nafasi Jumamosi, baada ya umuganda, zile kazi za pamoja za mtaa. Basi Jumamosi Bibi alikuwa na karamu ya harusi isiyo na bibi harusi, na Jumatano hakuwa na hata chumvi.

Konseye ndiye aliyesema tukae pamoja. Huyu alikuwa zamani utingo wa malori ya Mombasa, akarudi na vitu viwili: kitambi, na Kiswahili alichokipenda kuliko kitambi. Kila Jumatatu asubuhi tulikutana ofisini kwake, yeye, Masera, katekista wa parokia, na mimi nyuma ya Masera. Alifungua kikao kwa kusema, "Kidole kimoja hakivunji chawa," kisha anatutazama mmoja mmoja kana kwamba anamtafuta huyo chawa. Lakini nisimseme vibaya, kikao kilifanya kazi. Uji ukawa wa asubuhi, wa zahanati. Mchana ni zamu ya parokia. Maji na mkaa ni juu ya watu wa konseye, na jiko liwashwe nje. Hakuna tena aliyerundika vyungu Jumamosi. Tulijipongeza sana, yaani sana.

Bibi akazidi kukonda.

Kila nilipokwenda kumtia dawa ya macho nilimuuliza, "Bibi, umekula?" Naye hujibu, "Nimeshiba, mwanangu, mpaka kifua kinabana." Mifupa ya mkono wake ilikuwa inaniambia vingine. Kuku wa mwenye nyumba, kwa upande wao, walinenepa wakawa wanatembea kwa maringo, na sisi wote tuliokuwa na akili zetu hatukujiuliza kwa nini.

Masera alipompima, akakunja uso. Alisema huko kusini kuna nyumba ya wazee ya masista wenzake, kuna vitanda na chakula cha kusimamiwa, na gari litakwenda Alhamisi ya wiki inayofuata. Kama Bibi haongezeki, ataondoka nalo. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Akasema, "Huko nani ataongea na mimi? Nikifa, nani atanisalia? Mume wangu nimemzika hapa, mwanangu. Msinipeleke nikafe kama bubu." Nilitoka pale moyo umenivimba. Nilikuwa nimezoea kutafsiri vidonda na vikohozi, si maneno ya namna hiyo.

Sasa, yule katekista. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye haya hadi unamhurumia. Jumatatu iliyofuata alifika kikaoni mapema, mimi nikiwa nafagia mlangoni na Masera hajafika, na akamkuta konseye peke yake mezani. Alijua konseye humheshimu mtu anayemsemesha Kiswahili. Basi akakohoa, akakusanya Kiswahili chake chote, akasema, "Mzee, ule bibi iko nakataa kura. Nakataa kabisa. Nimeona na macho yangu."

Alitaka kusema anakataa kula. Kama alivyotueleza baadaye, alikuwa amerudi kuchukua chungu alichosahau, akamkuta anawamwagia kuku maharage. Ila kwa ulimi wa Kinyarwanda, l na r ni mapacha, na mama yao mwenyewe hawatofautishi. Mtu mwingine yeyote Kigali angeelewa. Konseye, kwa bahati mbaya, alijua Kiswahili safi.

"Anakataa kura?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee. Kura yote. Ya asubuhi na ya mchana."

Ikumbukwe mwaka ule vyama vilikuwa vimeruhusiwa karibuni tu. Kila mtu na kofia yake, kila ukuta na bendera yake, na konseye alikuwa anatolewa jasho na wakubwa wa chama chake: watu wa sekta yako wako upande gani? Na sasa bibi kizee, anayechotewa maji na kuletewa mkaa na ofisi yake, anakataa kura asubuhi na mchana! Uso wake ulibadilika. Kabla sijafungua mdomo akasema kikao kimeahirishwa, atalishughulikia mwenyewe. Katekista alifurahi sana kwamba Kiswahili chake kimeeleweka.

Mchana huohuo nilikuwa kwa Bibi na chupa yangu ya dawa, nikasikia hodi. Akaingia konseye na makada wawili wenye kofia mpya. Kwa kuwa huwezi kwenda kuomba kura mkono mtupu, walikuwa wamepitia baa, wakaja na mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma na pilipili. Harufu ilijaa chumba kizima.

Wakaketi mkekani. Konseye akaanza kwa sauti ya mkutano, lakini kwa heshima. "Bibi, shikamoo. Tumesikia jambo likatusikitisha. Kwa nini unakataa kura?"

Bibi alikuwa ameishi Kigali miaka mingi. Masikio yake yalishazoea kurekebisha r zetu na l zetu yenyewe, bila kuombwa.

"Marahaba. Nani kawaambia nakataa?" akasema. "Sikatai. Lakini niseme kweli? Siwaamini wanaoleta."

Konseye akawatazama makada. "Sema, Bibi. Usiogope."

"Wanakuja, wanaweka chini, wanakimbia. Nawaambia karibuni tukae. Wapi! 'Hapana, Bibi, hapana.' Mtu anayekikimbia alichokileta mwenyewe, mimi nitakiamini vipi?"

"Kweli kabisa," konseye akasema, na nikaona limemgusa. "Viongozi wengi ndivyo walivyo. Wanaahidi, wanakimbia."

"Na mimi kwetu sikufundishwa kufanya jambo hili peke yangu. Hili ni jambo la watu."

"La watu wote!" akasema kada mmoja, akitikisa kofia.

"Basi wewe unayesema, kaa na mimi. Anza wewe, na mimi nitafuata."

Mimi nilikuwa nimejiegemeza ukutani, nimejibana mdomo kwa kanga, machozi yananitoka. Konseye alikuwa anasubiri neno la chama. Bibi alikuwa anasubiri mshikaki. Hatimaye akapapasa, akagusa majani ya mgomba yaliyofunga ile nyama, akafungua, akasema, "Karibuni, bismillahi." Konseye wa Mombasa hajawahi kukataa nyama duniani. Akatia mkono. Makada wakatia mkono. Na Bibi akala. Alikula mbuzi, akala ndizi, akalamba pilipili kidoleni, akawatania makada kwamba kofia zao zinanuka gundi. Nilimtazama nikaacha kucheka. Nilikuwa sijamwona akila hata mara moja.

Wakati wa kuaga konseye akasema, "Sasa Bibi, tukutegemee kwa kura?"

"Njoo hata kesho," akasema Bibi. "Lakini usilete pilipili nyingi."

Nikakimbia zahanati. Nilimweleza Masera mpaka pumzi ikanikatika: kwa Waswahili chakula ni watu, mtu aliyeleta akikataa karibu, amekuletea shaka na si chakula. Katekista akaitwa, naye masikini uso ukamshuka. Kwao, alisema, kumtazama mzee akila ni utovu wa adabu, na kula wewe mbele yake ni zaidi. Mtu anaweka chakula kikiwa kimefunikwa, anaondoka, anamwachia mwenzake heshima ya mdomo wake. Kumbe kila alipomheshimu Bibi zaidi, ndipo alipomtisha zaidi. Watu wa zahanati walikuwa wanakimbia kwa haraka ya kazi, watu wa konseye kwa aibu, wakifuata mfano wa katekista. Wote tulikuwa tunamlinda mbiombio.

Masera hakuwa mtu wa kuamini hadithi. "Gari la Alhamisi limeshapangwa," akasema. "Nitakwenda nione kwa macho yangu."

Alhamisi tukaenda. Gari lilisimama nje likinguruma, dereva ameshikilia usukani. Fundo la nguo za Bibi lilikuwa mlangoni, majirani walishamfungia. Yeye ameketi mkekani, mikono juu ya magoti, anasikiliza ule mngurumo.

Katekista akaweka sinia: ugali, isombe, yaani kisamvu, na dagaa. Akasimama hapo kama nguzo. Bibi akasema kwa sauti ndogo, "Karibu, baba."

Jamani, nimeona watu wakifanya mambo magumu. Yule mtu alipiga magoti, akanawa, akakata tonge, akageukia ukutani, akafumba macho, akalitia kinywani kama anayemeza kwinini. Bibi akatega sikio mpaka akamsikia akitafuna.

"Huyu anakula kama mwizi," akasema. "Lakini anakula." Akatia mkono.

Masera alisimama muda mrefu, funguo za zahanati mkononi. Kisha akakunja joho lake jeupe, akaketi mkekani, akaniambia nikamwambie dereva azime gari. Nikamwambia. Akazima, akauliza mle ndani kuna nini, nikamwambia isombe, akashuka.

Toka siku ile zamu zetu zikabadilika. Hatukuhesabu tena nani anapeleka, tulipanga nani anakula. Konseye alichukua Ijumaa na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Hadi leo sijui kama alipata kuelewa kilichotokea, maana alijisifu kila mahali kwamba Bibi ni wake, alimshinda kwa hoja.

Bibi aliishi chumbani kwake mwaka mmoja zaidi, akanenepa kidogo, akagombana na mwenye nyumba. Katika kiangazi cha tisini na tatu alilala, hakuamka tena. Ndugu zetu Waislamu wa Biryogo walikuja kumwosha na kumsalia. Parokia ikatoa mbao za kaburi, vijana wa konseye wakachimba, na Masera akalia bila kujificha. Mimi nililia kuliko wote. Nilimlaumu Mungu waziwazi, nikasema angetuachia walau mwaka mmoja.

Mwaka huo mmoja haukutimia, ikafika Aprili ya tisini na nne, na mauaji. Katekista sikumwona tena, wala Masera. Nimeuliza, nikaambiwa, nikaacha kuuliza. Siku hizi nikikumbuka nilivyomlaumu Mungu juu ya mkeka ule, naona haya. Bibi alikufa kwa uzee, kitandani mwake, na watu wa kumzika walikuwepo.