Uvimbe Haungoji Kisu

Siku nilipogusa uvimbe kwenye titi la kushoto nikioga, nilifanya kosa moja: nilimwambia shangazi. Shangazi ni dada wa marehemu baba, mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, na hapa Bwera ndiye anayewaongoza kina mama wa kanisa letu. Ukimwambia yeye, umeshatangaza. Kabla sijamaliza kupanga vitenge vyangu sokoni, habari za titi langu zilikuwa zimevuka mpaka na kurudi, tena bila kibali.

Madaktari wakajitokeza. Muuza samaki wa Kahendero aliniagiza nipake mafuta ya kambare. Jirani, mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, aliniletea majani kutoka Maliba, akaapa kwamba yalimponya binamu yake. Nilipodadisi zaidi, binamu mwenyewe alikuwa na jipu.

Lakini amri kuu ilitoka kwa shangazi. Aliitoa akiwa amejifunga kitenge hadi shingoni, jua linachoma. Ulikuwa mwaka wa pili anajifunga hivyo, na mimi nilidhani ni uchaji Mungu.

"Mutoto yangu, usiache mutu aguse ile kitu na kisu. Hata sindano, hapana. Kansa ikiona chuma inaamuka, inatembea mu mwili yote. Acha ilale."

Alinitajia wanawake watatu waliokatwa wakafa. Sikumuuliza walifika hospitali lini. Ningeuliza, ningeambiwa walifika wamebebwa. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili, na nimewahi kubishana na watu wa forodha hadi wakaniomba nipite. Mbele ya mwanamke yule nilikuwa mtoto. Nikauacha uvimbe ulale miezi minne, nao haukulala. Ulikuwa kama harage, ukawa kama ndimu. Asubuhi moja nikakuta chuchu imezama ndani. Nikamdanganya shangazi kwamba nakwenda Kasese kununua uzi.

Daktari niliyemkuta hospitalini huko alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri. Nikamwambia sitaki sindano, isije ikaiamsha.

"Mama, unafikiri kansa inangoja kisu?" akasema. "Hiyo kitu iko na mdomo yake."

Akachora nyuma ya karatasi. Seli za kansa, akanieleza, hutoa kemikali ndogo ndogo, na kila kemikali ni ujumbe. Mmoja huiita mishipa ya damu isogee izilishe seli hizo. Mwingine huziambia seli za jirani zilegeze njia. Tezi za kwapani, mapafu na mifupa nayo hutoa kemikali zake, na seli ya kansa yenye kipokezi cha kuzisikia hufuata mwito, kisu kikiwa bado dukani. Sindano inachukua kinyama kidogo tu, ili wajue kansa hiyo ni ya namna gani na inasikiliza nini.

Nilicheka, daktari akadhani nimechanganyikiwa. Kiumbe wa namna hiyo nilikuwa nikimfahamu siku nyingi, nami humwita shangazi. Anakaa mahali pamoja, anatuma maneno, na watu wanafuata.

Nikakubali sindano, na kansa yangu ikaonekana inasikiliza homoni za kike. Titi likatolewa pamoja na tezi za kwapani, na baada ya matibabu mengine nikapewa kidonge cha kila siku cha kuiziba masikio. Shangazi, kwa kuwa sikumtii, alininunia miezi mingi.

Halafu mchana mmoja akaja na kikapu cha ndizi, amekishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevimba. Akasema ni uzee.

"Nionyeshe," akaniambia.

Nikafungua gauni. Akapitisha kidole juu ya kovu.

"Na haikutembea?"

"Ilikuwa imeanza kwenda kwapani. Wameitoa."

Akainuka, akafunga mlango, akafungua kile kitenge chake. Titi la kulia lilikuwa gumu, ngozi ina vishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Akaushika mkono wangu, akaupeleka kwapani mwake. Vidole vyangu vikakutana na tezi tatu, ngumu kama kokoto.

"Shangazi, kisu gani kimegusa hapa?"

"Hakuna," akasema. "Hakuna hata moja. Imepita myaka mbili."

Tangu nitoke hospitali nilikuwa nimemtunzia maneno ya kumrudishia, makali, mengine ya kuchekesha. Nilikuwa na hasira naye, na bado ninayo, kwa sababu alinifunga kwa woga wake mwenyewe akauita busara. Lakini kitu pekee nilichoweza kufanya ni kumfunga kitenge. Nikamwambia avae viatu, tunakwenda Kasese.

Mlangoni akasimama.

"Ile sindano, inauma?"

"Inauma, shangazi. Lakini haifikii ushauri wako."