Kilima Walichokiita Kitupu

Siku ile tulikuwa tunakamua ndizi. Dada yangu Nyota alikuwa aolewe Jumamosi, na kwetu, kwenye milima ya Kivu, hakuna arusi bila kasiksi, pombe ya ndizi iliyochachushwa kwa unga wa mtama. Baba alikuwa amekunja suruali hadi magotini, anakanyaga ndizi mbivu pamoja na majani makavu ndani ya mtumbwi wa mti. Kila baada ya muda alichota juisi kwa kiganja, akaonja, akakunja uso kama mtu aliyepewa dawa.

"Haiko tamu," akasema. "Muache nionje tena."

"Papa, utaimaliza mbele bageni bafike," Nyota akamjibu, naye baba akacheka hadi akashika ukingo wa mtumbwi asianguke.

Mama alikuwa amefariki miaka mingi kabla ya hapo, akijifungua mtoto ambaye naye hakuishi. Wote wawili walizikwa nyuma ya nyumba, karibu na babu na wazazi wa babu. Chini ya kilima kulikuwa na chemchemi isiyokauka hata kiangazi. Familia zote za pale zilichota maji hapo, na mimi niliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba nilikuwa nimeshashuka na kupanda mara nyingi siku hiyo nikiwa na bidon, dumu la maji, kichwani.

Alasiri walipanda wanaume watatu. Wawili walikuwa na bunduki na nguo za kijeshi zisizo na alama yoyote. Wa tatu alivaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, na mkononi alibeba kopo la rangi nyekundu. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mikaratusi ya baba akaanza kuipaka alama, mti baada ya mti.

Baba alitoka kwenye mtumbwi, miguu yake imejaa ndizi.

"Mukubwa, unafanya nini pale?"

"Hii kilima ni ya chef, mukubwa yetu. Atalisha ngombe zake hapa. Haina muntu."

"Haina muntu namna gani? Na sisi?"

Yule mwenye viatu alimtazama kwa mara ya kwanza, kisha akautazama mtumbwi, nyumba, migomba.

"Ninyi munaikala tu," akasema, akaendelea kupaka rangi.

Nimeishi na maneno hayo zaidi ya miaka ishirini. Munaikala tu. Babu zangu waliotengeneza matuta ili udongo usiteremke na mvua, mama yangu aliyelala chini ya migomba, wote walikuwa wanakaa tu, kama ndege wanavyokaa juu ya uzio wa mtu.

Arusi haikufanyika. Wageni walizuiwa njiani na wenye bunduki, na kasiksi ikachacha hadi ikawa siki. Wiki iliyofuata askari waliweka kambi kwenye chemchemi. Hawakumpiga mtu wala kuchoma nyumba. Walisema tu kwamba maji ni ya ng'ombe wa chef, na kwamba atakayesogea atajua mwenyewe.

Tukaanza kunywa maji ya kinamasi. Watoto wa jirani zetu wakaharisha, na mmoja akafa, binti mdogo aliyekuwa amejifunza kutembea. Baadhi ya watu walifunga mizigo wakaondoka. Nyota naye alimwomba baba tuondoke.

"Twende wapi?" baba akamuuliza. "Maman yenu iko hapa. Miye sitamuacha na ngombe juu yake."

Asubuhi moja alioga kwa maji kidogo yaliyobaki, akavaa koti lake la kanisani. Alisema anakwenda kuongea na wale vijana, kwamba nao wana baba zao. Alichukua bidon ya njano. Nyota alimshika mkono, naye baba akautoa taratibu.

Nilimfuata kwa mbali, nikasimama kwenye migomba.

Aliita kutoka juu ili wasishtuke. Aliinua bidon wakaiona.

Askari mmoja alisimama. Sikusikia walichosemezana.

Baba aliinama kuweka bidon chini ya maji.

Risasi ilikuwa moja.

Niliona bidon ikijaa, kisha ikimwagika, na hakuna aliyeiondoa.

Wazee wawili walikwenda kuomba mwili wakarudishwa kwa mtutu. Kesho yake nyumba zikaanza kuchomwa kutoka upande wa barabara, na sote tukakimbia upande wa pili wa kilima, bila sahani, bila viatu, Nyota akinivuta kwa sababu nilikuwa nimegeuka nyuma. Hatukumzika baba. Hadi leo sijui kama alizikwa, na kama alizikwa, ni nani aliyechimba.

Nyota alibaki kwa shangazi yetu, katika mji mdogo mbali na kilima. Mimi niliendelea hadi Uganda, nikakaa kambini, nikajifunza Kiingereza kwenye darasa la mahema. Baada ya miaka kambini nikapelekwa Ubelgiji. Sasa ninaishi na wanangu wawili Bruseli, mtaa wa Saint-Gilles, kwenye nyumba ndefu ya zamani iliyokatwakatwa kuwa vyumba, na ninafanya kazi mtaa wa Auderghem, kwenye nyumba ya wazee. Ninawaogesha, ninawalisha, ninawafunga vifungo. Ni kazi nzuri. Kwa miaka mingi nilidhani hasira yangu nimeiacha kambini.

Kisha Maman Odette, mwenye nyumba wetu, mama wa Bukavu anayejua habari za kila mtu kabla hazijatokea, akagonga mlango wangu.

"Furaha, kuya unisaidie. Kuko mama moja amekodi chambre ya chini, anaongea Kingereza tu. Bon, nilimusalimia na Français, akanicheka. Ni mweusi kama siye lakini haiko wa Afrika. Donc, miye sielewi."

Yule mama aliitwa June. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mnene, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na sauti ya chini. Alikuwa Mwaborijini, mmoja wa wenyeji wa kwanza wa Australia. Aliniambia jina la watu wake na la mto wao, akaniomba nisiyaandike popote kabla yeye hajawauliza wazee wa kwao. Kwa hiyo siyaandiki.

Nilimpikia fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu. Alikula akauliza habari za kwetu, nikamjibu kwa kifupi, kama tunavyowajibu watu hapa. Nikamuuliza kilichomleta Bruseli. Akasema amekuja kumchukua mtu.

Mezani kwangu akanisimulia. Kwanza zilikuja meli za Waingereza, zimejaa askari na wafungwa, wakajenga pwani. Ndui ilifika kwenye mto wa watu wake kabla ya Waingereza wenyewe, ikaua wazee waliojua nyimbo na njia. Halafu wakaja walowezi na kondoo. Kondoo walikula mimea, wakachafua maji, na wanyama wa kuwindwa wakakimbia. Watu wa June wakaua kondoo ili wale. Walowezi wakapanda farasi na bunduki wakaenda kuwasubiri mahali walipojua lazima watakuja.

"Mahali gani?" nikauliza, ingawa mwili wangu ulikuwa umeshajua.

"Kwenye kisima chetu," akasema. "Tulikuwa na kimoja tu wakati wa ukame."

Mmoja wa waliouawa alikatwa kichwa na daktari wa walowezi. Fuvu lilisafirishwa Ulaya, likauzwa, likauzwa tena, hadi likafika kwenye taasisi moja ya mji huu ambayo sitaitaja. Waliosalia kwenye mto walifungiwa kwenye misheni. Bibi yake June alichukuliwa kwa mama yake akiwa mtoto, akafundishwa kufua nguo za wajukuu wa walowezi wale wale.

Kisha nami nikamsimulia habari za baba, zote. Sikuwahi kumsimulia mtu yeyote hapa Ulaya, hata padri. June hakuniambia pole. Alisukuma sahani pembeni, akanishika kifundo cha mkono, akakishikilia.

"Nisindikize," akasema. "Nitahitaji mtu anayejua Kifaransa, na anayejua jambo lenyewe."

Ofisini tulipokelewa na bwana mpole, mwenye suti ya bluu. Alituletea kahawa yeye mwenyewe. Alieleza kwamba taasisi inaelewa uchungu wa Madame, kwamba kamati italifikiria ombi, kwamba mambo haya huchukua muda. Nilitafsiri. Lile fuvu aliliita "kitu". Nilitafsiri hilo nalo.

Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Lazima tukumbuke, kwa sheria za wakati ule eneo lile lilihesabiwa kuwa terres vacantes. Wenyeji walikuwa wanapita tu. Kitu hiki kilipatikana kihalali."

Terres vacantes. Ardhi tupu. Maneno hayo hayo Wabelgiji waliyatumia kuichukua milima yetu na misitu yetu kabla babu yangu hajazaliwa. Mwingereza alikuwa ameyasema upande mwingine wa dunia. Na mwenye viatu vya ngozi, Mkongomani mwenzangu, aliyasema kwa Kiswahili mbele ya mtumbwi wetu wa ndizi. Mkuki ule ule, umebadilishwa mpini.

Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sababu June alikuwa na haki ya kujua walichokuwa wanamwambia usoni.

June akasema: "Muulize bwana huyu, mtu wetu alikuwa anafanya nini walipompiga risasi."

Niliuliza. Bwana akafungua mikono.

"Hilo, kwa bahati mbaya, hatuwezi kulijua."

"Alikuwa anachota maji," nikasema.

"Pardon?"

"Alikuwa anachota maji, Monsieur. Watu wanaopita tu hawapigwi risasi kisimani. Wanaachwa wapite. Anayeuawa kwenye maji ni yule ambaye hana mahali pengine pa kwenda, kwa sababu hapo ni kwake. Aliyempiga alilijua hilo. Ndiyo sababu alimsubiri hapo."

"Madame, wewe uko hapa kutafsiri."

"Baba yangu aliuawa hivyo. Si zamani. Mimi nilikuwepo. Basi usiniambie kwamba haiwezekani kujua."

Uso wake ulikuwa mwekundu. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Hilo liliniudhi zaidi. Angekuwa mkatili ningejua pa kuiweka hasira yangu. Alikuwa mtu mwema aliyeketi juu ya kichwa cha mtu, ananiuliza kama ninataka sukari.

June aliondoka mikono mitupu. Walimruhusu kuona sanduku la kijivu tu, lililofungwa. Alirudi mwaka uliofuata akiwa na wajomba zake wawili, baada ya kamati kukubali. Wazee wale walitaka kuwasha majani na kumfukizia ndugu yao moshi kabla ya safari, kama desturi yao inavyotaka. Wakaambiwa moshi ndani ya jengo ni marufuku. Basi walimfanyia uani, kando ya mapipa ya takataka, huku mlinzi akitazama saa yake. Nilisimama nao. Moshi ulinichoma macho, na sikuwahi kujua ni wakati gani machozi yaliacha kuwa ya moshi.

Walipomzika kule kwao, June alinipigia simu. Nikamuuliza kama sasa moyo umetulia.

"Hapana," akasema. "Tumemrudisha mtu mmoja. Wengine bado wako kwenye masanduku, na mto bado una uzio. Imebidi tuombe ufunguo ili tupite kwenda kumzika."

Siku hiyo hiyo nilimpigia Nyota. Yeye hakuolewa tena na yule mchumba wake. Aliolewa baadaye, na mtu mwingine, na ana watoto. Nilimwambia habari za June, nikamwambia nataka tutafute mwanasheria, tuandike, tuseme, tudai angalau mifupa.

Nilimsikia akifunga mlango kwanza.

"Furaha," Nyota akasema, "weye uko Bulaya. Miye niko hapa. Ile muntu wa viatu sasa iko ku bunge, banamuita honorable. Batoto yake banapita na gari mbele ya nyumba yangu. Alors, bakiniua, nani atanizika?"

June alimdai mtu wake kutoka kwa wajukuu wa waliomuua, watu wanaoona haya kidogo na wanaoleta kahawa. Mimi ningemdai baba kutoka kwa yule yule aliyekuja na wauaji, aliye hai, ana afya, ana walinzi. Wanangu wawili wamezaliwa hapa, na kuhusu babu yao wanajua tu kwamba alifariki vitani, kama vile vita ni ugonjwa unaokuja wenyewe.

Haikuwa vita tu. Kulikuwa na mtu aliyeitaka ardhi ile, na mtu aliyetumwa, na aliyetumwa ninamjua. Ninajua jina lake la kwanza, la ukoo, na cheo anachoitwa sasa. Ningependa kuliandika hapa kwa herufi kubwa.

Lakini dada yangu bado anaishi kule.