Kunde za Mama na Mwisho wa Dunia

Kila mwaka nikianza kufundisha habari za nyota, wanafunzi wangu hapa Tawa huamka kama watu waliosikia chai imeiva. Wale ambao tangu Januari wamekuwa wakilalia madawati sasa wananyoosha mikono. Wanataka kujua jambo moja tu: dunia itaishaje.

Nawaambia. Nawaambia kwamba jua nalo linazeeka, kwamba siku moja litavimba na kumeza sayari zilizo karibu, na kwamba bahari zetu zitakuwa zimekauka zamani sana kabla ya hapo.

"Na mtihani, mwalimu? Hiyo time itakuwa imeshafanywa?" aliuliza msichana mmoja wa viti vya nyuma.

"Mtihani utakuwa umefanywa, na wewe utakuwa umeanguka," nikamwambia. Darasa likacheka, naye akacheka kuliko wote.

Baba yangu pia aliwahi kuniuliza dunia itaishaje. Yeye sikuweza kumjibu kwa mzaha.

Mama alifariki mwezi wa nane, nyumbani kwetu Kanyangi, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ili mambo yaliyofuata yaeleweke, lazima niseme kwanza habari ya mbegu. Huku kwetu mbegu ni ya mama wa nyumba. Mume anaweza kuwa na ng'ombe, shamba na sauti kubwa, lakini mbegu hajui iko wapi mpaka aambiwe. Mama yangu alikuwa na kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga jikoni, cheusi kwa moshi wa miaka, kimezibwa mdomo kwa gunzi la hindi. Ndani yake mlikuwa na kunde zilizochanganywa na jivu ili wadudu wasizile. Alizitoa kwa mama yake, pande za Zombe, alipoolewa. Zilikuwa ndogo na nyekundu, na zikiota mashina yake yana zambarau kwenye vifundo. Za dukani ni kijani kitupu. Mwaka ambao mahindi yote yalikauka, kunde hizo zilitulisha, na mama hakuacha kutukumbusha.

Jambo la pili ni kwamba huku hatungoji mvua ndipo tupande. Mvua yetu ni fupi na haina adabu. Ukingoja ikukute ukitafuta jembe, imeshapita. Kwa hiyo tunapanda kwenye vumbi. Mwezi wa kumi, ardhi ikiwa ngumu na mbingu haina hata wingu, watu wanaingia shambani, wanafukia mbegu yao nzuri kabisa, halafu wanarudi nyumbani kungoja. Mgeni akituona siku hiyo anaweza kudhani tumerukwa na akili.

Basi, siku ya kumzika mama watu walifurika. Walikuja wa kanisani, walikuja wa sokoni, wakaja jamaa zake wa Zombe lori zima ambalo hatukulitazamia. Mkuu wa jikoni alikuwa shangazi, dada ya baba, mwanamke ambaye hawezi kuona mgeni amekaa mikono mitupu. Magunia ya maharagwe yakaisha. Shangazi akatazama huku na huku, akatazama juu, akakiona kibuyu.

Alimimina kila kitu kwenye ungo. Akina mama wakapepeta jivu, wakachagua, wakatupa zile zilizosinyaa na zilizotobolewa nyuma ya jiko, kwenye jalala la majivu. Zilizobaki wakazichemsha na mahindi, ikawa isyo, chakula ambacho Mkamba hafanyi matanga bila kukipika. Isyo ile ilisifiwa. Baba aliongezewa sahani. Nami nilikula, na ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Hatukujua mpaka mwezi wa kumi. Nilikuja nyumbani Jumamosi ili tupande, na baba akaniomba nikiteremshe kibuyu. Kilikuja chepesi mno. Nilikitikisa na hakikulia.

Shangazi anakaa ng'ambo ya shamba, kwa hiyo hakuchelewa kufika. Alipokiona kibuyu mkononi mwangu alijifunika mdomo kwa leso.

"Woi, ndugu yangu. Nilidhani ni ya kula."

Baba alitoka nje, akaketi kwenye kiti chake kando ya ukuta wa jiko, akawasha redio. Mhubiri mmoja alikuwa akieleza dalili za siku za mwisho: vita, tetemeko, nzige, watoto wasiowasikia wazazi.

"Hatupandi," baba akasema. "Dunia imefika mwisho."

Nilikasirika. Baba ni mzee wa kanisa, lakini hakuwahi kuwa mtu wa kutishwa na redio. Zamani alikuja mhubiri mgeni akatuambia tusihangaike na mashamba kwa kuwa Bwana yu mlangoni, na baadhi ya watu kweli wakaacha kupanda. Mama alikwenda shambani kesho yake asubuhi. "Akija kabla ya mavuno mtakula mbinguni," alituambia. "Akichelewa, mtakula nini?" Baba alikirudia kichekesho hicho miaka na miaka. Sasa alikuwa amekaa hapo, jembe limeegemezwa ukutani nyuma yake, anamkubalia mhubiri kwa kichwa.

Ndugu zangu wa Nairobi waliniambia kwa simu nimwache apumzike, chakula watatuma. Hawakuelewa. Sikuwa naogopa njaa. Huku kwetu mzee akiacha kupanda watu wanaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, wanaulizana watoto wake wako wapi. Niliogopa kwamba baba ameamua kumfuata mama, na kwamba shamba lile tupu ndiyo namna yake ya kutuaga.

Nikawa naenda nyumbani kila Jumamosi. Siku moja, tukinywa chai ya mchana, alizima redio mwenyewe.

"Mwaitu," akasema. Huniita hivyo, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Huko shule nyinyi mnafundisha dunia itaisha aje?"

"Ziko njia nyingi, nau. Hakuna mtu ana uhakika," nikamjibu. Nau kwetu ni baba yangu.

"Niambie zote. Huyu wa redio ako na moja tu."

Nikamwambia habari ya jua. Alilitazama kidogo kupitia matawi, akasema hilo limeanza kuvimba tangu Agosti. Nikamwambia kuna mawe makubwa yanayozurura angani, na kwamba moja likitugonga vumbi litafunika mwanga na mimea itakufa. Akauliza kama mihogo pia itakufa. Nikasema nadhani itakufa. Akatikisa kichwa, hakuamini.

Nikamweleza kwamba wengine hufikiri ulimwengu wote, ambao sasa unatanuka, siku moja utageuka na kuanza kurudi, kila kitu kikimkaribia mwenzake mpaka vyote vikutane mahali pamoja vilipoanzia.

"Hiyo ni nzuri," akasema. "Hiyo mama yenu angependa. Na nyingine?"

Nyingine ndiyo inayoaminiwa zaidi, nami nilisita. Lakini baba anajua nikisita. Nikamwambia kwamba huenda hakuna kurudi. Huenda kila kitu kitaendelea kuachana na kingine, nyota zitazima moja baada ya nyingine, na kila kilichobaki kitakuwa mbali sana na kingine hata mwanga usiweze kufika. Hakutakuwa na moto wala kelele, ila baridi tu.

Kikombe chake kilipoa mkononi. Nilimwona akitazama ile nyumba yetu yenye vyumba ambamo watoto wa kaka zangu wa Nairobi hawajawahi kulala, kisha mlango wa jiko.

"Hiyo ndiyo ya kweli," akasema. "Hiyo nimeiona."

Nililia hapo hapo mbele yake, mtu mzima mwenye shahada. Yeye hakulia. Alinipa leso yake ya mfukoni na kuniambia ninywe chai.

Mvua ilikuja mwezi wa kumi na moja, na ilikuja vizuri, maana mvua haina aibu. Mashamba ya jirani yakawa kijani. Letu lilikaa jekundu katikati yao, na kila aliyekwenda kanisani alilipita. Shangazi alileta mbegu za dukani, zile zinazopakwa dawa ya rangi ili mtu asizile. Baba alizipokea kwa adabu, akaziweka chini ya meza, na huko zikakaa.

Jumamosi moja nilikuta baba hayupo kwenye kiti. Nilipita sebuleni, nikapita chumbani. Nikamkuta nyuma ya jiko, amepiga magoti kwenye jalala la majivu, na magoti ya baba si ya kupigwa ovyo.

"Usikanyage!" akanifokea, mara ya kwanza kunifokea tangu matanga.

Miche ya kunde ilikuwa imetokeza kwenye majivu, michache, imejipinda, mingine ina jani moja lililotobolewa. Mashina yake yalikuwa na zambarau kwenye vifundo. Zilikuwa zile zilizotupwa, zilizosinyaa, ambazo akina mama waliona hazifai hata kwa wageni wa lori. Majivu ya kila asubuhi yalikuwa yamemwagwa juu yake, kuku wasizione, mpaka mvua ikazikuta.

Baba alikata matawi ya miiba akazizungushia ua. Mvua ilipokatika alizimwagilia maji ya kuoshea vyombo, na mimi nikakatazwa kutumia sabuni. Hakuruhusu jani hata moja lichumwe, na majani ya kunde ndiyo mboga yetu. Shangazi alikuja akasimama nje ya miiba, akatazama, akaondoka. Wiki hizo baba alianza kulalamika tena: mbuzi wa jirani, bei ya sukari, mahubiri marefu. Nilifurahi sana kumsikia akilalamika.

Zilipokauka alizipukuchua mwenyewe. Zote zilijaa kikombe cha chai na kubaki kidogo. Sikuthubutu kutaja isyo.

Alizigawa mafungu matatu mezani, kwa kidole, polepole. Fungu la kwanza alilirudisha kibuyuni. La pili alilifunga kwenye kitambaa na kunituma nimwite shangazi. Shangazi alipofika, baba alimwekea kitambaa mkononi na kumfumba vidole.

"Hii si ya kula," akamwambia, na shangazi akacheka na kulia kwa pamoja, nami sijui ni kipi kilianza.

La tatu lilikuwa langu.

"Peleka Tawa," akasema. "Ikiisha hapa, ibaki kwa huyu. Ikiisha kwa huyu, ibaki kwako. Isiishe pahali pote siku moja."

Nyumba yangu ya kupanga haina mafiga, natumia gesi. Nilikwenda jikoni shuleni kuomba majivu, na mpishi akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni ya mbegu ya mama, akanipa kopo zima bila kuuliza zaidi. Kwa miezi kunde zile zilikaa juu ya kabati langu, ndani ya chupa. Nilikuwa nikisahihisha vitabu chini yake.

Mwezi wa kumi ulirudi. Kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yangu kilikuwa kigumu kama sakafu na mbingu haikuwa na kitu. Adhuhuri moja, nikiwa natoka darasani, bado nina chaki vidoleni na picha ya lile jua lililovimba iko ubaoni, simu ikalia.

"Mwaitu, umepanda?"

"Bado, nau. Huku mvua haijanyesha."

Nilisikia jembe lake likigonga kitu kigumu, kisha pumzi zake.

"Sijauliza mvua," baba akasema. "Nimeuliza kama umepanda."