Makalio ya Baba Katika Kitabu cha Garimoshi

Bibi yangu, mama mzaa baba, alikataa katakata kuamini kwamba treni za London ni treni. Tulikuwa tumehamia Neasden karibuni tu kutoka Mombasa, miaka ile Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakifunga mizigo, na Baba alimpeleka stesheni ili apate la kumfurahisha. Bibi alisimama pale akiwa amevaa buibui, na juu ya buibui koti zito la kiume. Treni ikaingia, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka.

"Moshi uko wapi?" akauliza.

"Hizi ni za umeme, Mama."

"Basi msiite gari la moshi. Mwawadanganya watu."

Tangu siku ile, kila kitu cha Uingereza kilichomvunja moyo alikiita gari la moshi lisilo na moshi. Jua la huku lilikuwa gari la moshi lisilo na moshi. Pilipili za dukani nazo zilikuwa vivyo hivyo, na hata daktari wetu, kwa kuwa hakumchoma sindano.

Baba alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha biskuti. Zilizovunjika, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua, na Baba, ambaye Mombasa alikuwa mwembamba hata fundi cherehani akimtania kwamba anashonea mwavuli, alizichukua kwa moyo mkunjufu. Alikula biskuti na chai ya asubuhi, akala biskuti mchana, na jioni akala biskuti huku akisubiri chakula. Mwili ukaitikia, ila haukuitikia kila mahali sawasawa. Uliitikia zaidi upande wa nyuma. Na suti yake ya maana ilikuwa moja tu, ya rangi ya maziwa, aliyoshonewa kwa ajili ya Idi kabla hatujaondoka. Baba hakuwa mtu wa kutokea mbele za watu bila suti.

Huko huko kiwandani ndiko alikosikia kwamba pembezoni mwa London kuna yadi ya zamani ya reli. Watu wanaopenda treni za kale walikuwa wakizitengeneza kwa mikono yao, na kila kiangazi wakizitia moto siku moja ili umma uje kutazama. Alirudi nyumbani akihema. "Mama," akasema, "nimekupatia moshi."

Tukaenda kwa basi, sote wanne: Baba, Mama, Bibi na mimi. Nilikuwa msichana wa sekondari, umri ule ambao mtu huomba ardhi ipasuke immeze kila wazazi wake wanapofungua chakula hadharani. Mama alitandika mkeka kwenye mteremko wa majani kando ya reli, akatoa bajia, kachri na mkate wa sinia. Waingereza waliotuzunguka walikuwa na sandwichi ndogo na kamera kubwa.

Garimoshi likatokea kwenye kona, jeusi, linang'aa, likifuka kama nyumba inayoungua. Bibi akasimama. Akavuta pumzi ndefu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Hili ndilo," akasema, akijipangusa kwa ushungi. "Hili sasa ndilo."

Wakati huohuo chupa ya chai ikaanguka, ikaanza kubingirika kuelekea relini. Baba akaifuata kwa hatua fupifupi, maana suruali haikuruhusu ndefu. Alipoifikia akainama. Injini ikapiga filimbi, kamera zikalia kama panzi, na Baba akarudi ameinua chupa juu mfano wa nahodha wa timu aliyetwaa kombe. Tukanywa chai. Hakuna aliyelifikiria tena jambo lile.

Kiangazi kilichofuata Bibi alidai moshi wake tena. Mlangoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza alikaa mzee wa Kiingereza mwenye kofia ya gadi wa treni na koti lililojaa beji hata limeinama upande mmoja. Alikuwa akiuza kitabu cha ukumbusho cha siku ile, chembamba, chenye jalada linaloteleza. Ndani yake mlikuwa na ramani ya yadi, historia ya kila injini, na picha zilizopigwa mwaka uliopita. Watu walikuwa wakimpita bila kumtazama. Baba naye alikuwa anampita, Bibi akasimama.

"Nataka kile."

"Mama, Kiingereza husomi."

"Nani kasema nataka kusoma? Nataka moshi wa kwenda nao nyumbani."

Baba akakinunua. Tulipokwisha kukaa kwenye majani, Bibi akaanza kufunua ukurasa mmoja mmoja, akinusa kila injini. Katikati ya kitabu akakwama. Akakisogeza mbali, akakileta karibu.

"Mwanangu," akasema, "mbona uko humu?"

Tukamzunguka. Picha ilijaza ukurasa mzima. Kushoto palikuwa na injini, inakuja moja kwa moja kwa mtazamaji, duara jeusi kubwa. Kulia, katikati ya jua, palikuwa na duara jingine, la rangi ya maziwa, nalo halikuwa dogo sana kuliko la kwanza. Mtu asiyejua angedhani treni mbili zinakaribia kugongana. Chini yake yaliandikwa maneno ya kusema kwamba hawa ni mashabiki wakifurahia garimoshi linavyopita. Kwa kweli mashabiki wote waliipokea injini kwa nyuso zao. Baba peke yake ndiye aliyeipa kisogo, na kisogo chenyewe hakikuonekana.

"Huyo si mimi," Baba akasema. "Huyo hana uso."

"Uso wa nini? Nimekuogesha, nimekupaka poda. Nitapotea hapo?"

Mama alijaribu kujizuia. Aliuma upindo wa mtandio, akatazama mawinguni, akasema "Yarabi," kisha akaanguka ubavu juu ya mkeka akicheka bila sauti. Mimi niligeuka kutazama kama kuna mtu wa shule yetu.

Baba alikifunga kitabu, akasimama, akavuta koti lake chini kwa nyuma, jambo ambalo halikusaidia. "Nakuja," akasema, akaelekea mlangoni. Mama alipopata pumzi alinishika mkono. "Twende. Nami nataka vya kupeleka Mombasa kabla havijaisha."

Tulimkuta Baba amesimama mbele ya meza, anaongea Kiingereza chake cha ofisini.

"Nataka vyote."

"Vyote?" mzee akauliza.

"Vyote vilivyo mezani."

Mama akamvuta mkono. "Vyote vya nini?" akamwuliza kwa Kiswahili.

"Nikivimaliza, hakuna atakayeniona."

"Vizuri. Basi nipe nimpelekee dada yako, na ndugu wa Kisumu, na wale wa Leicester."

"Mwanamke! Mimi naficha, wewe watangaza?"

"Mimi natuma zawadi. Kama zawadi ina makalio yako, ni kudra."

Walianza kuvutana, kila mmoja ameshika upande wake wa bunda la vitabu. Mzee wa beji aliwatazama, mdomo wazi. Kiswahili hakujua hata neno, na macho yake yalimwambia kitu kimoja tu: mume na mke wanagombea kitabu chake. Sidhani kama jambo kama lile lilikuwa limewahi kumtokea maishani.

"Jamani, msigombane!" akasema kwa furaha. "Vipo vingine!"

Akainama, akatoa boksi zima chini ya meza.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka namna ile. Baba alilitazama boksi, akalinunua. Mzee akageuka, akaita kuelekea bandani, na mwanamke mwenye ovaroli akaja akisukuma mkokoteni wa mizigo wenye maboksi mengine. Kila Baba alichonunua kilizaa. Mwishowe akasimama tu na pochi yake mkononi, jasho linamtoka, huku mzee akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Hujui ulichofanya, bwana," akamwambia. "Watu hunipita hapa kila mwaka. Wananiambia treni wanaiona kwa macho yao, kitabu cha nini? Hawajui kwamba tiketi hulipia bima na vyoo tu. Makaa ya mawe yanatoka kwenye kitabu hiki. Injini yetu inakunywa maji na inakula vitabu."

Macho yalikuwa yamemlowa. Sasa Baba angesema nini? Kwamba yeye ndiye yule shabiki wa ukurasa wa katikati? Alisema ni wajibu wake. Alisema daima amezipenda treni, tangu utotoni. Mama, ambaye alikuwa amesafiri naye Mombasa hadi Nairobi, Baba akilalamika usiku kucha kwamba masizi yanamwingia puani, alikohoa.

Dakika chache baadaye kipaza sauti kikatangaza kwamba bwana mmoja kutoka Mombasa amewapatia makaa ya kuwatosha siku nyingi, na kwamba kwa heshima yake atapanda injini pamoja na dereva. Watu wakapiga makofi. Wakatupisha njia. Tukafika mbele ya injini, na hapo Baba akaiona ngazi.

Ilikuwa ngazi ya chuma, imesimama wima, na vidaraja vyake vimeachana mno. Hakuna namna ya kupanda ngazi ya namna ile isipokuwa kuwapa watu mgongo na kuinua mguu mpaka karibu na kidevu. Baba alitazama nyuma. Kamera zote za London zilikuwa zimejipanga hapo.

"Panda, babu wee," Mama akamwambia kwa upole. "Wameshakuzoea."

Akapanda. Kamera zikalia kutoka kidaraja cha kwanza hadi cha mwisho. Bibi akasema naye hawezi kuachwa, moshi ni wake, na kabla ya mtu kumkataza alikuwa ameshika chuma. Mtia makaa akamvuta kutoka juu, mimi na Mama tukamsukuma kutoka chini, buibui likawa bendera. Tulipouona tena uso wake, ulikuwa dirishani karibu na dereva, na mkononi ameshika kamba ya filimbi aliyopewa avute mara moja.

Hakuiachia. Garimoshi lilikwenda mwisho wa yadi na kurudi likipiga kelele njia nzima. Mbwa wakabweka, watoto wachanga wakaamka, bwana mmoja akakunja kiti chake akaondoka. Waliposhuka, Bibi alikuwa mweusi uso mzima, meno tu yanaonekana, na sikumwona na furaha ile tena mpaka alipopata kitukuu. Baba alikuwa amesimama safari yote akilitazama tanuri. Mbele, suti yake ilikuwa imegeuka rangi ya makaa. Nyuma ilibaki nyeupe pe, kama mwezi.

Tukarudi na maboksi kwa basi. Baba akayaficha chini ya vitanda, ndani ya kabati, nyuma ya mashine ya kufulia. Mama, kila akienda posta, alichukua vitabu vichache ndani ya kikapu. Baba alijua. Alikuwa akihesabu kwa macho kila jioni na kuguna, lakini hakusema kitu, maana akisema lazima amtaje aliye ndani.

Kisha barua ikaja kutoka Mombasa, kwa shangazi, dada yake Baba. Niliisoma kwa sauti mezani. Shangazi aliandika kwamba huko walikuwa na wasiwasi mkubwa juu yetu. Watu walisema London hakuna chakula, kwamba Wahindi wanagandia vyumbani. Picha za studio tulizotuma hawakuziamini, kwani nani hajui kwamba koti la studio ni la kuazima? Lakini kitabu ni kitabu. Waingereza wenyewe wamemweka humo, wamemchapisha, ukurasa mzima. "Tumemwona kaka," nikasoma. "Alhamdulillahi, amenenepa. Mume wangu amekitundika dukani, na kila anayeingia anasema, kweli huyu London imempokea."

Baba alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani. "Hapo pa kunenepa," akasema, "rudia."

Nikarudia. Akanyanyuka, akaingia chumbani, tukasikia maboksi yakiburutwa. Akarudi na vitabu kwapani.

"Yule wa Kisumu," akamwuliza Mama, "alishapelekewa?"

Mwaka uliofuata mtoto wa shangazi, kijana wa kiume aliyekwisha maliza masomo, akaja kuishi nasi. Tulikwenda uwanja wa ndege kumpokea. Baba aliondoka Mombasa binamu yangu akiwa shule ya bweni mbali, na hawakuwa wamekutana miaka mingi. Alitoka na sanduku lake, akampita Baba aliyekuwa akimpungia mikono yote miwili, akaenda kusimama peke yake, anatazama huku na kule. Baba akakata tamaa, akageuka kumwuliza karani.

"Mjomba!" binamu akaita, akaja mbio na kumkumbatia kutoka nyuma.

Binamu alilala sebuleni kwetu. Hakuwa na kazi bado, na mvua ilinyesha mfululizo, kwa hiyo akawa mtu wa kwanza katika ukoo kukisoma kile kitabu. Alikisoma chote, kisha akakirudia, na Kiingereza chake kikatengenezwa humo. Alipokwenda kuomba kazi katika duka la vyombo vya umeme Wembley, meneja alimwambia ajieleze kidogo. Binamu akamweleza jinsi maji yanavyozunguka ndani ya boila, kazi ya kila valvu, na kwa nini mtia makaa mzuri hatupi makaa yote mahali pamoja. Meneja hakuthubutu kumkatiza. Alimwajiri, nadhani kwa woga.

Amekaa London maisha yake yote sasa, ana wajukuu, na mpaka leo akisikia njaa husema presha ya boila yake imeshuka.