Mizunguko Minne ya Bisibisi

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Hallonbergen, mtaa wa hapa Stockholm. Rafiki yangu, niliyekuja naye Stockholm kujifunza ufundi wa magari, alikuwa amefariki dunia baada ya kuugua miezi mitatu. Mjane wake aliongea kwa utulivu, akaniomba jambo moja: "Shemeji, mwenyewe alisema siku ya hitima wewe ndiye uwaeleze watu kazi yake, maana mlikuwa gereji moja." Nikakubali. Nilipoweka simu chini nilishikwa na aibu niliyoikwepa miaka sita. Nyinyi wasomaji wangu mmezoea kunisoma nikiwasuta wengine. Leo mtanivumilia nikijisuta mwenyewe.

Gereji ilikuwa mtaa wa Sundbyberg, na ilipendwa na vijana wenye magari makubwa ya Kimarekani, yale yenye injini za kutikisa madirisha na gia zinazojibadilisha zenyewe. Wengine walitaka gia iingie kwa kishindo, wengine iingie polepole, na mwenzangu ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo. Ubavuni mwa giaboksi kuna kikopo cha bati. Unachomoa mpira wa kupitishia hewa uliochomekwa humo, unaingiza bisibisi nyembamba, unageuza skrubu iliyomo ndani. Ukikaza, gia inaingia kwa nguvu. Ukilegeza, inaingia taratibu. Yeye aligeuza nusu mzunguko tu, akaendesha gari hadi mtaa wa Spånga na kurudi huku akisikiliza, ndipo aguse tena. Nilizoea kumtania, "Bwana, hilo gari unalitengeneza au unalibembeleza?" Naye hujibu, "Gia ikiwa laini mno inateleza, na ikiteleza inaungua. Mteja hajui mpaka imekufa."

Tulikuwa na utaratibu wetu. Ijumaa akienda kuswali, mimi nilimshikia kazi. Nami nikiwahi mazoezi ya kwaya, yeye alinishikia. Fomeni, msimamizi wetu, hakujua, na kadi ya kazi ilibaki na jina la aliyeianza. Ijumaa moja gari la bwana harusi lilikuwa mikononi mwake. Kijana anaoa kesho, hataki bibi harusi atikisike. Mwenzangu alilegeza nusu mzunguko, akaniambia nikalijaribu barabarani tu, nisiguse kitu. Mimi nikajiona mjuzi kumzidi. Nikalegeza mizunguko minne zaidi, nikazunguka uani mara moja, nikarudisha ufunguo ofisini. Gia ziliingia laini hata huzisikii. Nilimwona kijana dirishani akiondoka anatabasamu, nikajipongeza.

Jumatano gari lilirudi likivutwa, mafuta ya gia meusi, yananuka kuungua. Fomeni akasoma kadi, akauliza, "Nani amelegeza hivi?" Mwenzangu akanitazama, akangoja. Nikainama, nikawa napanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akasema, "Kadi ni yangu." Akaondolewa kwenye giaboksi, akapelekwa kwenye matairi, na barua ya kumtambua kuwa fundi wa gia, aliyoingoja miaka miwili, hakuandikiwa. Meza yake nilipewa mimi, nami nikaipokea. Jioni ile kwenye treni nilimwambia kesho nitasema ukweli. "Utasema ukiwa tayari, ndugu yangu," akanijibu. Sikuwa tayari. Nilipata barua yangu, kisha nikaacha ufundi nikaingia uandishi. Yeye alibadilisha matairi mpaka ugonjwa ulipomlaza.

Tukikutana hapa ugenini hatukosi kulalamika kwamba Waswidi hawatuamini kutukabidhi kazi nzito. Mara nyingi ni kweli, na nimeliandika sana. Lakini huyu kazi yake alinyang'anywa na mtu wa kwao, aliyekula naye ugali sahani moja. Nimeandika pia kuhusu wakubwa wanaojificha nyuma ya wadogo, kwa ujasiri ambao haukunigharimu chochote.

Siku ya mazishi nilimuuliza mjane kama marehemu alipata kumweleza kwa nini aliacha giaboksi. "Hakusema," akajibu. "Watoto wakimuuliza, alikuwa akiwaambia kwamba baba yao hakuwa mwangalifu." Jumamosi, siku ya hitima, nitasimama mbele ya watoto hao niseme ukweli. Nilichojifunza ni kwamba kukiri kunachelewa kwa urahisi sana. Wao huenda wakanisamehe, lakini aliyekuwa na haki ya kunisamehe tumeshamzika.