Cheti cha Dereva Aliyemaliziwa Matanga

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, karani wa ghala la mpunga hapa Ifakara alipoweka karatasi zangu mbili sambamba juu ya meza na kuniuliza ipi ni yangu. Moja ilikuwa cheti cha kuachiwa jeshini. Ya pili ilikuwa stakabadhi ya kodi ya mwaka ule. Nilimjibu kuwa zote ni zangu. Akaweka kidole kwenye jina la huku, kisha kwenye jina la kule.

"Hapa naona watu wawili, mzee," akasema. "Na kazi ya udereva ni ya mtu mmoja."

Mwenye ghala alikuwa amenunua lori la pili la kubebea mpunga wa Mchombe, na alitaka dereva. Mimi nilikuwa utingo wa lori la kwanza, kwa shilingi arobaini kwa mwezi. Dereva alilipwa tisini. Cheti changu kilisema kwamba niliendesha malori ya jeshi kwa miaka minne, nyumbani na Burma, na kwamba tabia yangu ilikuwa njema. Bomani walikuwa tayari kunipa leseni kwa cheti hicho bila mtihani, mradi jina lilingane na la kodi. Cheti kilitaja pia kovu kwenye muundi wa kushoto. Nikapandisha suruali. Karani akalitazama kwa adabu, akasema kuwa makovu ya miguuni hapa Ifakara hayana idadi.

Mimi ni mtu wa kupanga mambo. Kusoma nilijifunza nikiwa mtu mzima, jeshini, kwa magazeti ya zamani na kitabu kimoja cha sarufi, na tangu hapo sikubali jambo mpaka niwe nimeliandika. Jioni ile nilipiga mstari katikati ya ukurasa ili niandike upande mmoja mambo ya jina la kwanza na upande wa pili mambo ya jina la pili. Upande wa kwanza ulikwisha haraka: kuzaliwa, kuoa, kwenda vitani. Hapo nikakwama, kwa sababu jambo lililofuata upande ule lilikuwa kufa.

Ilitokea hivi. Nikiwa Burma, lori langu liliteketea siku ambayo aliliendesha mwenzangu. Askari mmoja wa kwetu alirudi likizo na habari kwamba lori langu limeungua na dereva wake. Nyumbani walinilia. Walinyoa nywele, wakakaa matanga, wakayamaliza. Mwezi uleule mke wa mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike, naye akalia siku tatu bila kushika ziwa. Wazee wakampa jina langu, ambalo kwetu huitwa mwanamume na mwanamke pia, akanyamaza, akanyonya.

Niliporudi, mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, na jina lilikuwa lake. Hakuna aliyesema nirudishiwe, wala mimi sikulidai. Mama alinipaka unga kwenye paji la uso, akaniita kwa jina la marehemu baba yake. Tangu siku ile aliniita "baba", kama ilivyo desturi, na mdogo wangu akawa akimwamkia binti yake "shikamoo, kaka" ili kuwachekesha wageni. Jumbe naye, alipokuja kuandikisha kodi, aliandika jina alilolisikia kijijini, na kwa jina hilo nimelipa kodi miaka sita.

Niliandika barua Nairobi, kwenye ofisi ya kumbukumbu za jeshi, kuomba jina kwenye cheti libadilishwe. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio, kwa namba, kuanzia moja hadi tisa. Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Walisema jina halibadilishwi mpaka Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, asikie kwa kiapo, kutoka kwa ndugu wawili wa damu, kwamba mtu wa jina la kwanza hakufa na ndiye huyu wa jina la pili. Niliisoma mara nne. Kila neno lilikuwa na maana, lakini nilipofika mwisho sikujua ni mtu gani niliyekuwa nikimwombea.

Mdogo wangu nilimkuta shambani akipalilia mpunga. Nilimsomea barua yote. Hakuacha kupalilia.

"Niape kwamba hukufa?" akauliza.

Nilimwambia ni kweli sikufa, ananiona.

"Nakuona. Lakini nikiapa mbele ya serikali kwamba mwenye jina yu hai, binti yangu anabaki na nini? Lile jina ndilo lililomnyonyesha, kaka. Wewe unataka lori."

Nilimweleza kwamba ni karatasi tu, na nilipokuwa nikisema nilijishangaa, maana mimi mwenyewe sijawahi kuamini kwamba karatasi ni karatasi tu. Akakataa kwenda. Mama alikubali, tena upesi, na dada yetu akakubali kwa sababu mama amekubali.

Bwana Shauri alivuka mto kutoka Mahenge mwezi uliofuata, akasikiliza mashauri barazani. Letu liliitwa la sita. Mama aliapishwa kwanza. Karani wa baraza alimuuliza kama mimi ni mwanawe.

"Huyu ni baba yangu," mama akasema.

Watu wakacheka. Karani akamwambia asifanye mzaha na kiapo. Mama akasema hajafanya mzaha, hakuna mtu kijijini asiyejua kwamba mimi ni baba yake. Bwana Shauri akauliza, kwa Kiswahili chake cha polepole, yule mwana aliyekwenda vitani yuko wapi.

"Yule tulimlilia, Bwana. Matanga tuliyamaliza. Sasa yuko kwa mdogo wake, anachunga mbuzi."

"Na huyu hapa?"

"Huyu ndiye aliyerudi."

Bwana Shauri aliacha kuandika. Sikuweza kujua kama mama alikuwa amekubali kuja ili anisaidie au ili amlinde mjukuu wake, na hadi leo sijui; nilipomuuliza baadaye alisema aliulizwa akajibu. Dada yetu alipoitwa alisema ushahidi wake ni huohuo wa mama. Ndipo Bwana Shauri akanigeukia.

"Wewe sema mwenyewe. Ndiye, au siye?"

Nilikuwa na daftari mkononi, na majibu yangu yakiwa yameandikwa. Ningesema "ndiye", labda angeandika. Nilifungua daftari, nikauona ule mstari wa katikati, na upande wa kwanza ulioishia kwenye matanga. Nikasema kwamba lori niliendesha mimi, hilo naliapia, lakini jina ni la mtoto, na sitaki liandikwe kuwa ni langu. Akauliza sasa naomba nini. Nikasema sijui. Akaandika mstari mmoja kwamba ombi limeondolewa na mwombaji, akaita shauri la saba.

Lori la pili lilipewa mtu wa Mlabani. Mimi niliendelea kupakia magunia kwa miezi kumi na mmoja, mpaka alipokuja mtahini wa magari kutoka Morogoro. Nilifanya mtihani kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Niligeuza lori kati ya mapipa mawili, nikapanda tuta la kivuko kinyumenyume, nikafaulu. Mtahini aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwamba kulikuwa na mtu mmoja katika ukoo wetu aliyewahi kuwa dereva wa jeshi. Leseni ikaandikwa kwa jina la babu, na lori la tatu lilipokuja nikapewa mimi.

Tofauti ya mshahara kwa miezi ile ilikuwa shilingi mia tano na hamsini. Mtihani ulikuwa ishirini, ada ya kiapo tano, stempu shilingi moja na senti arobaini. Mdogo wangu sijamwambia hesabu hii. Jumla ni shilingi mia tano sabini na sita na senti arobaini.